Vumbi Linalonukia Waridi

4 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza kuandika leo. Kitabu hiki cha tarehe nimepewa na mwanangu, naye alipewa na mteja. Nilisoma mpaka darasa la sita tu, mwandiko wangu unakwenda kama kuku aliyefungwa mguu, lakini nitaandika. Siku watu wa magazeti watakapokuja kuuliza Uzi alianzaje, wasije wakaelezwa na majirani. Majirani watapunguza.

Basi waandike hivi. Uzi ni binti yangu wa pekee. Anatengeneza fimbo za kuchezea puli, zile za kugongea mipira mezani, kwa mikono yake, katika chumba chetu cha nyuma, kwa mashine ya kukereza aliyoachiwa na marehemu mwalimu wake. Wachezaji ndio waliompa jina hilo, kwa kuwa fimbo zake zimenyooka kama uzi uliovutwa. Akimaliza fimbo anaiviringisha juu ya kioo, anainama, anatazama kama kuna mwanga unaopita chini yake. Ukipita hata mwembamba kama unywele, fimbo hiyo haitoki mlangoni. Mimi mtaa mzima unaniita Mama Uzi, na sijawahi kumsahihisha mtu.

6 Machi

Bwana Leso amekuja. Huyu ndiye mwenye ukumbi mkubwa wa puli, ule wenye taa za kijani. Tunamwita Bwana Leso kwa sababu leso nyeupe haimtoki mkononi. Ameleta vipande vya mti kutoka ng'ambo, vizito kama jiwe la kusagia. Anasema huko unakoota wameshaumaliza, mtu akiupata anauficha kama siri ya ndoa. Anataka fimbo nane kwa ajili ya mashindano makubwa mvua zikiisha, na kila fimbo itachomwa jina la mwanangu kwenye kitako. Jina la mwanangu, mikononi mwa mabingwa wanane.

Nilimwambia, "Karibu ndani, baba, utalowa."

"Hapa hapa panatosha, mama. Viatu vyangu vina matope."

Akasimama chini ya paa, leso puani, mpaka Uzi alipomaliza kupima. Mtu mkubwa, adabu kubwa. Wengine huingia na tope lao mpaka kitandani.

Uzi alipopasua kipande cha kwanza tuliinama wote wawili kutazama. Ndani ni mwekundu, una mistari myeusi kama wino uliokimbia. Na harufu. Sijui niseme nini. Waridi. Nyumba yangu, ambayo kila msimu wa mvua inanuka nguo mbichi, leo inanuka waridi.

7 Machi

Nimeziba madirisha ya chumba cha nyuma. Magunia kwanza, halafu karatasi ya nailoni, halafu gundi ya karatasi pembeni. Mlango nimeuwekea blanketi chini. Hii ni kazi yangu kila mvua na naiweza kuliko fundi yeyote. Mti hunywa unyevu. Ukiukereza leo, kesho umepinda. Ndiyo maana Uzi anakereza kidogo, anautundika ukiwa wima, anauacha utulie, kisha anakereza tena kidogo. Chumba kikipata upepo mbichi, kazi ya wiki inakwenda na upepo.

Nimefanya vizuri hata mshumaa hautikisiki mle ndani.

9 Machi

Mvua. Uzi kazini.

12 Machi

Leo nimepata akili ambayo hata matajiri hawana. Kila jioni nafagia nyuzinyuzi za mti ule, nyekundu, nyororo, zinanukia, halafu nazitupa. Nikajiuliza, wewe mama una wazimu? Mti wenyewe umekwisha duniani, wewe unautupa jalalani? Nikajaza gunia dogo. Nikaenda kwa Cherehani, jirani yetu mshonaji, anishonee mto wa kulalia.

"Wa nani huu?" akauliza.

"Wa mwanangu. Anafanya kazi ya thamani, alalie kitu cha thamani."

"Mama Uzi, ukiendelea kumsifu hivyo, mvua itasimama isikilize."

"Asifuye mvua imemnyea. Mimi imeninyea, wacha nisifu."

Akacheka, akapiga chafya, akacheka tena, akapiga chafya nne mfululizo. Nikamwambia pua yako haijazoea vitu vizuri. Akashona huku kageuza uso.

Uzi kaukumbatia ule mto kama mtoto. "Mama, hii ni anasa," akasema. Nimeandika maneno yake kama alivyosema.

15 Machi

Uzi kaamka kope zimevimba. Nadhani ni wadudu, mvua huwaleta. Nimempaka mafuta.

16 Machi

Shuka lake lina alama nyekundu ya mwili mzima, pale jasho lake lilipogusa. Nilishtuka nikadhani damu. Ni vumbi la mti tu, likichanganyika na jasho linakuwa rangi. Nimeloweka, haitoki.

18 Machi

Leo alikuja mke wa marehemu mwalimu. Huyu mama hatujawahi kugombana wala kupikiana. Aliokota tindo ya mumewe chini ya kitanda, akamletea Uzi. Nikasema, wema huo. Nikamkaribisha, nikamwonyesha fimbo mbili zilizokamilika, nikamweleza habari ya majina yatakayochomwa. Alikuwa hasikilizi. Alisimama katikati ya chumba changu akinusa.

"Mti huu kauleta nani?"

"Mteja mkubwa."

"Mwenye leso?"

"Anajulikana, ndiyo."

Akamtazama Uzi machoni, zile kope. Akamshika mkono, akapandisha mkono wa shati. Kumbe mwanangu ana vipele kuanzia kifundo mpaka kwenye kiwiko, na mimi hakuniambia.

"Mfungulie mwanao dirisha, mwenzangu," akasema.

"Nikifungua, fimbo zitapinda."

"Zipinde."

Nikacheka, nikidhani ni mzaha. Hakucheka. Akasema mumewe alianza na macho, halafu ngozi, halafu kifua. Nikamwambia kwa heshima kwamba mumewe alivuta sigara, mimi mwenyewe nilimwona.

"Alivuta ujana wake wote na hakukohoa. Alikuja kukohoa ulipokuja mti."

Akaondoka bila kuketi. Niseme ukweli wangu hapa kitabuni: ni wivu. Mumewe alikereza miaka yote na jina lake halikuchomwa popote. Leo mwanafunzi wake anachomwa jina mara nane, mjane anakuja kutuzibia riziki kwa hofu. Wahenga hawakukosea, kikulacho ki nguoni mwako.

Lakini nimempa Uzi kitambaa ajifunge puani.

19 Machi

Kitambaa kimemshinda. Anasema mle ndani ni joto kama tanuri, akijifunga pua miwani inapata ukungu na haoni mstari. Kakivua.

22 Machi

Kukohoa kidogo. Mvua haikatiki. Fimbo nne.

25 Machi

Uzi alikwenda kwa shangazi yake siku tatu, kulikuwa na mgonjwa. Karudi uso umechanua, kope zimenywea. Shangazi mtu anasema hakumsikia akikohoa hata mara moja. Nimemwambia shangazi, unaona, mwanangu anahitaji kupumzika tu, anajituma kupita kiasi, ndivyo alivyo tangu utoto.

26 Machi

Kalala na mto wake. Kaamka anakohoa. Kifua kinalia kama filimbi ya mtoto. Kaniambia, "Mama, labda nikae siku mbili bila kukereza."

Nikamwambia, "Mwanangu, jina halichomwi kwa mtu aliyelala."

Kacheka, kaenda kazini. Nikisema kitu, hakuna asiyecheka.

28 Machi

Bwana Leso kaja kutazama. Fimbo sita. Safari hii hata kizingitini hakufika, alisimama kule kwenye geti na mwavuli, Uzi akamtolea. Akaishika kwa leso. Ndiyo, nimeona kwa macho yangu, aliishika kwa leso, akaiviringisha kwenye boneti ya gari, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Wewe ni bora kuliko mwalimu wako," akamwambia. "Yeye hakunimalizia."

Uzi akakohoa. Yule bwana akarudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyekanyagwa.

Nilikuwa nataka kuandika tu ile sifa. Ila neno lile lingine halitaki kutoka kichwani. Hakunimalizia.

30 Machi

Cherehani kapita. "Mama Uzi, siku hizi nyumba yako inakohoa nikiwa kwangu." Nikaingia ndani kufagia.

31 Machi

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Fimbo saba. Nimeongeza gunia dirishani.

2 Aprili

Naandika nimekaa kwenye benchi la hospitali, nitaandika kila kitu.

Jana mchana mashine iliacha kulia. Siku zote ikinyamaza nasikia Uzi akipuliza vumbi, halafu inaanza tena. Jana sikusikia kupuliza. Nikaita. Nikaita tena. Nikavuta lile blanketi la mlangoni, nikalikuta zito, nilivyolibana mwenyewe. Vumbi lilikuwa limesimama hewani kama pazia jekundu. Uzi alikuwa amepiga magoti, ameshika kingo za meza kwa mikono yote miwili, mabega yanapanda na kushuka na hewa haiingii. Midomo imekuwa rangi ya zambarau. Alikuwa ananitazama kama alivyonitazama siku alipozaliwa, hajui hapa ni wapi.

Nikamburuta. Mwili wangu huu wanaousema mnene, jana nilijua kazi yake. Cherehani alikuja anakimbia na futi ya kupimia bado shingoni, tukambeba, tukapata gari la muuza magodoro, tukamlaza juu ya magodoro kwenye mvua. Na pale pale, hata katika kuchanganyikiwa, nikarudi ndani kuchukua kitu kimoja. Nikachukua mto wake. Nilisema alale vizuri.

Walimvalisha kifuniko cha hewa ya mtungi, wakamchoma sindano. Daktari ni binti, mdogo kuliko Uzi, anaongea taratibu. Akauliza mnafukiza ubani nyumbani? Mnatumia dawa ya wadudu? Nikasema hapana, nyumba yangu ni safi, inanuka waridi. Akaandika. Baada ya muda filimbi ya kifuani ikapungua, midomo ikarudi rangi yake. Daktari akasema tumemwahi.

Nikakaa. Nikawaeleza wagonjwa wa pembeni huyu ni nani. Nikainua kichwa cha mwanangu, nikaweka mto wake chini.

Haikuchukua muda filimbi ikaanza tena. Juu zaidi. Daktari akarudi mbio, sindano nyingine, hewa ikaongezwa. Akatulia, kisha akabadilika tena. Mara ya tatu daktari akaniambia, "Mama, sielewi, dawa inafanya kazi halafu kama kuna mtu anaitengua."

Mimi nikawa namrekebishia mto. Kila alipohangaika nikauvuta vizuri, uje shavuni.

Ndipo akaingia mke wa mwalimu. Sijui nani alimwambia, nadhani Cherehani. Alikuwa amelowa mpaka miguuni. Hakusalimia mtu. Alifika kitandani, akasimama, akanusa, nikaona uso wake unavunjika. Akauchomoa ule mto chini ya kichwa cha mwanangu, akatoka nao nje, kwenye mvua, akaushika mbali na mwili wake kama mtu aliyeshika nyoka.

Kisha akarudi, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akanigeukia.

"Nani alimpa?"

Nikasema, "Mimi."

Nilisubiri aniambie. Nilistahili aniambie. Akanishika mkono akanitoa chumbani, kwa kuwa na mimi nguo zangu zilikuwa zimejaa lile vumbi, akanipeleka mpaka kwenye benchi hili. Akakaa nami. Ndiye pekee aliyekaa.

5 Aprili

Anapumua mwenyewe. Hairuhusiwi niingie na nguo za nyumbani.

Daktari kanieleza kwa maneno ya mtu kama mimi. Mti ule una sumu yake, kwa mtu mwingine ni chafya tu, kwa mwingine mwili unaujifunza kidogo kidogo mpaka unauchukia. Mwili wa Uzi umeshajifunza. Haupaswi kuukaribia tena, si mti, si vumbi, si nguo iliyoguswa na vumbi. "Safari ijayo huenda tusiwahi, mama." Nikamuuliza wengine wanajua habari hii? Akasema wanaouza mti huo wanajua.

Wanaouza wanajua.

Nimefikiria leso. Nimefikiria viatu vya matope.

9 Aprili

Uzi hatarudi nyumbani. Nyumba yenyewe ndiyo ugonjwa. Kachukuliwa na mke wa mwalimu, ambaye kwake kumeshakuwa safi miaka mingi. Nilimwambia nakushukuru dada, nilikuwaza vibaya. Akasema, "Najua. Hata mimi nilikuwa na jibu kwa kila aliyenionya."

10 Aprili

Nimebandua magunia. Nimeosha kuta. Maji yanatoka mekundu.

11 Aprili

Nimeosha tena. Mekundu.

13 Aprili

Bado mekundu kwenye nyufa.

16 Aprili

Nilikwenda kumwona mwanangu. Nilioga, nilivaa gauni la kuazima. Nilipomkumbatia akaanza kukohoa. Tukaachana kama watu waliounguzana. Ni nywele zangu. Zimesukwa tangu Februari, na vumbi liko ndani ya misuko.

Nimerudi, Cherehani kaninyoa kwa mkasi wake mkubwa, upara mtupu. "Sasa huna pa kuficha majivuno," akasema, na machozi yanamtoka huku anasema.

20 Aprili

Bwana Leso kaja kuchukua fimbo zake. Jua lilikuwa linawaka, barabara imekauka. Kasimama getini.

"Pole na mgonjwa, mama. Nimesikia. Fimbo ziko tayari?"

"Saba ziko tayari, baba. Ingia uzichukue."

"Nitolee tu."

"Leo viatu vyako ni visafi. Ingia."

Akaiinua leso.

"Ziko pale mezani, unaziona toka hapo. Ingia, baba, unywe na maji. Nyumba inanuka waridi."

Tukatazamana. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, akalifuta kwa leso, akakumbuka, akairudisha puani haraka. Akageuka akaenda zake.

Saba hizo ni nzuri kuliko kitu chochote mtoto wangu alichowahi kukiumba. Nimeziviringisha kwenye kioo moja moja. Mwanga haupiti.

21 Aprili

Bwana Leso kamtuma mchukuzi na mkokoteni achukue fimbo na vipande vilivyobaki. Nimempa vyote. Nilifurahi kuona mti unatoka kwangu, nikamsaidia hata kufunga kamba. Sikumuuliza anaupeleka wapi.

27 Aprili

Naongea na Uzi kupitia dirishani. Yeye ndani, mimi nje, kitambaa puani, kwa hadhari. Leo kanitania. "Mama, umekuwa Bwana Leso." Nikacheka ili afurahi.

4 Mei

Mvua zimeisha. Leo asubuhi nilikuwa kwenye kigoda changu chini ya dirisha la mwanangu, dirisha liko wazi, anakunywa chai. Akaweka kikombe chini.

"Mama, unasikia?"

Nilisikia. Mashine ya kukereza, mbali kidogo, mtaa wa nyuma.

"Anaiharakisha," akasema Uzi. "Haupi mti nafasi ya kutulia. Mwanafunzi huyo."

Upepo ukageuka. Na mimi nikaisikia harufu. Uzi akaweka mkono kifuani. Nikasimama, nikamwambia funga dirisha, funga na la jikoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kuongea. Si mnasema naongea sana?"

Niliifuata harufu mpaka kwenye nyumba yenye mlango wa bluu. Mlangoni alitoka mwanamke wa rika langu, mikono imekuwa myekundu mpaka kwenye viwiko, ufagio mkononi, anatabasamu kabla sijasalimia.

"Karibu, dada, usijali vumbi. Umekuja kumwona mwanangu? Ndiye anayezitengeneza. Fimbo za mashindano, zile za ukumbi wenye taa za kijani. Watamchoma jina."

Nyuma yake niliona magunia dirishani, yamebanwa vizuri, na gundi pembeni. Kazi safi. Ndani kijana mmoja alikohoa mara moja, kavu, kisha mashine ikaendelea.

Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga njiani yakanikimbia. Nilibakiwa na yale niliyowahi kuambiwa.

"Mfungulie mwanao dirisha, mwenzangu."

Akanitazama kichwa changu cha upara, kitambaa changu puani, gauni langu la kuazima. Nilimwona ananipima, na nilijua anafika wapi. Akacheka kwa upole, kama mtu anayemhurumia mwenye wivu.

"Nikifungua," akasema, "fimbo zitapinda."